MKANDA WA MOTO KWENYE BOMBA LA MOSHI LA KAMYO

Somo kwa mashofere, mafundi wa garaji na jamaa zao

Ukurasa huu umezoea kuwapa habari za maji ya kunywa, chandarua na kofia ya kazi. Safari hii tunaingia garaji. Mtu atauliza, msaidizi wa mganga anatafuta nini chini ya kamyo? Jibu ni fupi: anatafuta mahali wanapotoka wagonjwa wake. Mwenye kuungua mkono kwenye bomba la moshi anatoka huko. Mwenye kujikuna usiku kucha bila kujua sababu anatoka huko. Na yule anayepewa dawa ya malaria mara mbili kwa mwezi, wala hakuumwa na mbu, pengine naye anatoka huko.

Siku hizi mafundi wengi wamependa kufunga bomba la moshi, ambalo mashofere huita eshapema, kwa mkanda wa kuzuia moto. Ukiangalia unafanana na bandeji yetu ya dispansere: upana wake kama sentimita 5, unene wake milimita moja na nusu hivi, nao unazungushwa kwenye chuma kama sisi tunavyozungusha bandeji kwenye mguu. Jambo hili ni zuri likifanywa vizuri. Likifanywa vibaya linaleta moto, kutu na moshi ndani ya kabini. Basi tujifunze.

MOTO WA BOMBA NI KIASI GANI?

Motere ya mazutu ikisimama bila kazi, moshi unaotoka una joto la digri 100 hadi 200. Kamyo ikipanda mlima na mzigo wa mawe, joto linapanda hadi digri 500, 600, na pengine kupita, hasa kwenye kipande kilicho karibu na motere, kabla ya turbo. Baada ya turbo moshi unapoa kidogo, kwa kuwa turbo imekwisha kula sehemu ya nguvu yake.

Sasa linganisha na ngozi yako. Chuma chenye digri 70 kinaunguza kwa muda wa sekunde moja hivi. Kwa hiyo bomba ambalo limezimwa nusu saa na halionyeshi wekundu wowote bado linaweza kukubandua ngozi. Chuma cha moto hakibadiliki rangi ili kukuonya. Wanaojua hili kwa mwili wao ni vijana wanaoparamia kamyo upande wa nyuma ya kabini, pale bomba linapopanda juu, wakishika chochote wanachokikuta.

Mkanda unafungwa kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kukinga mikono na miguu ya watu. Ya pili ni kukinga vitu vilivyo jirani, yaani mipira ya mafuta, nyaya za umeme, mipira ya breki. Ya tatu ni kuuacha moshi uwe na joto mpaka ufike kwenye turbo. Mashofere wetu wanapenda hii ya tatu, maana wamesikia kwamba kamyo inapata nguvu. Ukweli upo kidogo, lakini kwa kamyo ya mzigo kwenye barabara zetu si kitu cha kuhesabu. Kama unafunga mkanda kwa kutafuta mbio, afadhali usafishe filtre ya hewa.

Mkanda mwenyewe ni nyuzi za kioo zilizofumwa, au nyuzi za mawe meusi ya volkano yaliyoyeyushwa. Ule wa kioo wa kawaida unavumilia joto la kudumu la digri 500 na kidogo. Ule wa mawe unavumilia zaidi. Kabla ya kununua, uliza umetengenezwa kwa joto gani. Mkanda wa kioo uliowekwa mahali penye moto kupita kiasi chake unakauka, unavunjika, na vumbi lake linaruka. Tena usidanganyike: bomba lililofungwa bado ni la moto. Mkanda unapunguza joto, hauliondoi. Pale watu wanapopanda na kushuka, bati la kukinga lenye matundu, lililowekwa mbali kidogo na bomba, ni bora kuliko mkanda. Hayo ni maoni yangu, na mafundi wa zamani wengi wanakubali.

MAFUTA YANAYOJIFICHA

Hapa ninaomba mwenye kusoma asikimbie.

Kila shofere anajua kwamba mazutu haiwaki upesi kama esansi. Utatupa kiberiti ndani ya ndoo ya mazutu na kiberiti kitazimika. Kutokana na hayo watu wengi wanaona mazutu ni mafuta ya upole. Lakini esansi na mazutu zinatofautiana kwa njia ambayo wachache wanaifikiri. Mazutu ikipata joto la kutosha inawaka yenyewe, bila kiberiti, bila cheche. Ndivyo motere yake inavyofanya kazi. Katika maabara joto hilo ni kama digri 250 tu. Tumekwisha kusema bomba linafika digri ngapi.

Juu ya chuma kilicho wazi, penye upepo, tone la mazutu mara nyingi linafuka na kupotea kabla ya kuwaka. Upepo unakusaidia. Ndani ya mkanda hakuna upepo. Mafuta ya motere au mazutu yanayodondoka kidogo kidogo yananywewa na nyuzi kama utambi wa taa unavyokunywa. Yanatandaa katika nyuzi nyingi nyembamba, hewa inaingia kidogo, joto halitoki. Hapo mafuta yanaanza kuungana na hewa polepole, na kazi hiyo yenyewe inaongeza joto. Joto linaongeza kazi, kazi inaongeza joto. Kwa njia hiyo mkanda uliolowa mafuta unaweza kushika moto hata pale ambapo bomba halikufika joto la kuwasha mafuta yaliyo wazi. Mafundi wa meli na wa mitambo mikubwa ya umeme wanaujua moto huu tangu zamani. Ndiyo sababu sheria za kimataifa za meli zinataka kila kitu chenye joto la kupita digri 220, mahali ambapo mafuta yanaweza kurukia, kifunikwe vizuri. Na kwenye vyumba vya motere kifuniko hicho huvikwa bati juu yake ili mafuta yasiingie ndani.

Jambo baya zaidi ni kwamba moto huu unaanza baadaye. Shofere amefika, amezima motere, ameteremka kwenda kula wali. Upepo wa safari umekwisha, maji ya radiatere hayatembei tena, joto lote linabaki chini ya kapo. Mkanda unaanza kufuka. Akirudi na kijiti mdomoni, kamyo inawaka.

Basi sheria yetu iwe hii: mkanda uliolowa mafuta haupanguswi, haufuliwi, wala haungojei safari moja ya mwisho. Unakatwa na kutupwa siku ileile, mahali unapovuja panatengenezwa, ndipo mkanda mpya unafungwa. Shefu wa garaji akisema hakuna mkanda mpya, kamyo iende bila mkanda. Bomba tupu ni hatari inayoonekana, na mtu anaweza kujihadhari nalo.

MVUA YETU

Vitabu vingi vya mkanda vimeandikwa kwa nchi kavu. Sisi tuko Masako, kilomita 14 kutoka Kisangani kwa njia ya zamani ya Buta, kando ya msitu ambao walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani huja kuuchunguza. Mvua ya hapa inafika kama milimita 1,700 hadi 1,800 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Kamyo inayoenda upande wa Bafwasende inavuka madimbwi yanayofika kwenye ekseli. Mkanda unakunywa maji hayo pamoja na matope mekundu. Kamyo ikilala siku tatu, chuma kimevikwa nguo yenye maji siku tatu. Kesho yake motere inawashwa na maji yanakuwa mvuke. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka: hakuna njia nzuri zaidi ya kulisha kutu.

Tena bomba lililofungwa linakuwa na joto zaidi kuliko lililo wazi, kwa sababu joto halitoki. Bomba la chuma chembamba linaliwa upesi, na ile kolekta ya chuma cha kumimina iliyoshikana na motere inaweza kupasuka. Viwanda vingine vinakataa dhamana ya kolekta iliyofungwa mkanda. Kwa hiyo hapa kwetu nisingefunga bomba lote kutoka kichwa hadi mkia kama maiti. Funga kile kipande kinachopita karibu na mpira wa mafuta, karibu na nyaya, karibu na miguu ya shofere. Kile kipande kinachojikunja kama akordeoni kiache wazi, kinahitaji kupumua na kucheza. Turbo usiizungushie mkanda wa bomba; inayo kofia yake iliyotengenezwa kwa kipimo chake, na kama huna, iache.

Halafu kila miezi michache fungua, angalia. Ndiyo, ni kazi ya kuchosha. Lakini kutu chini ya mkanda haionekani, na ufa chini ya mkanda hauonekani, na ufa ndio unaotupeleka kwenye sehemu inayonihusu mimi zaidi.

MALARIA ISIYO MALARIA

Moshi wa motere una ndani yake kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Motere ya mazutu inatoa gesi hii kidogo kuliko motere ya esansi, tuseme kweli. Lakini motere iliyochoka, yenye filtre chafu, inatoa nyingi, na kabini iliyofungwa vioo kwa sababu ya mvua inaikusanya. Gesi hii inashikana na damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inazunguka, lakini haibebi kile ambacho mwili unakihitaji. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, miguu inalegea, usingizi unamshika. Akibaki hapo, anakufa.

Sasa, kichwa kinauma, mwili umelegea, anatapika: kila mama wa Kisangani atasema malaria, na mara nyingi atasema kweli. Ndiyo maana ugonjwa huu unatupita. Jifunzeni kuuliza maswali haya. Je, walioumwa ni watu wawili au watatu wa kabini moja, saa ileile? Malaria haipangi foleni namna hiyo. Je, kichwa kinaanza safarini na kuisha baada ya kukaa nje saa chache, kisha kinarudi safari nyingine? Je, hakuna homa? Mkijibu ndiyo, mwambieni mganga maneno haya wazi: ninafanya kazi ndani ya kamyo na nafikiri moshi unaingia. Dawa ya malaria mtu asinyimwe kama damu imeonyesha malaria. Lakini kumpa dawa na kumrudisha kesho ndani ya kabini ileile ni kumwua polepole.

Hatari kubwa ni usiku wa kukwama. Kamyo imezama katika matope, mvua inanyesha, shofere na msaidizi wake wanafunga vioo, wanaacha motere izunguke ili wapate joto na betri isife. Bomba la nyuma limezama ndani ya matope, moshi unatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni ule ufa ulio chini ya mkanda, chini ya sakafu ya kabini. Msilale ndani ya kabini motere ikiwaka. Zimeni. Baridi ya Tshopo haijaua shofere.

Ukimkuta mtu amezimia ndani ya kabini, fungua milango yote, mtoe nje kwenye hewa, zima motere. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu. Kama hapumui na umefundishwa kumpulizia pumzi, anza mara moja. Mpelekeni hospitali yenye oksijeni hata kama ameamka na anasema amepona.

Kuhusu moshi wenyewe, nitasema kwa kifupi tu. Mwezi wa sita mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa motere za mazutu katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kwa hakika kwamba vinaleta kansa kwa binadamu. Mwaka huohuo ulitangazwa uchunguzi uliofuata wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi minane ya Marekani. Waliofanya kazi chini ya ardhi pamoja na mashini za mazutu walikufa zaidi kwa kansa ya mapafu. Mkanda hausafishi moshi huo hata kidogo. Kinachosaidia ni hewa, motere iliyotunzwa, na kuzima motere isiyokuwa na kazi, hasa mbele ya mlango wa garaji na karibu na mahali akina mama wanapouza chakula.

UZI WA ZAMANI, ULE MWEUPE

Kamyo za zamani, boti za zamani na mashini za zamani zilifungwa amianti. Ni kamba au kitambaa cha rangi nyeupe au ya majivu, laini kama pamba chafu, kisichoungua. Bado kinapatikana katika stoo za zamani na katika vipande vinavyouzwa sokoni pamoja na vyuma chakavu, na fundi akikosa mkanda mpya anakifurahia. Asikifurahie. Vumbi la amianti ni nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni. Zinaingia ndani ya mapafu na hazitoki. Mwaka 1960 waganga watatu wa Afrika Kusini waliandika habari za wagonjwa 33 wenye kansa ya ngozi inayofunika mapafu, wengi wao watu wa eneo la machimbo ya amianti, na baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Waliishi tu jirani. Ugonjwa unangojea miaka 20, 30, 40 ndipo unajionyesha. Kijana anayekata kamba hiyo leo hataumwa kesho, na hiyo ndiyo inayomdanganya.

Ukikuta bomba la zamani lenye kitu cheupe ambacho hukijui, usikikwarue, usikipige kompresa. Kilowanishe maji polepole, waondoe watu, mwite mkubwa wa usalama. Na mama wa nyumba, kipande cha namna hiyo kisiingie jikoni. Kinaonekana kizuri kwa kuwekwa chini ya mbabula au kuziba mlango wa tanuru, kwa kuwa hakiungui. Watoto nao wanapenda kukichambua.

Mkanda wa kioo wa leo si amianti. Mwaka 2001 shirika lile la Lyon lilichunguza nyuzi ndefu za kioo zinazofumwa, wala halikupata ushahidi wa kutosha wa kuziweka kati ya vitu vinavyoleta kansa. Lakini zinachoma ngozi, zinawasha macho, zinakera koo.

KAZI YENYEWE

Kwanza bomba lipoe kabisa. Lisafishwe kutu na mafuta. Angalia alama za masizi meusi kwenye maungio: masizi yanaonyesha mahali moshi unapotoka, na bomba linalovuja linatengenezwa kwanza. Vaa shati la mikono mirefu, glavu, miwani na kitambaa cha pua kilicho kizuri. Mkanda wa kioo ulowanishwe maji kabla ya kufungwa. Vumbi linapungua na unakaza vizuri. Kila mzunguko upande juu ya ule wa kwanza kwa milimita 6 hivi, usizidishe, maana palipo na unene mwingi joto linajaa. Kata kwa mkasi. Funga ncha kwa vifungo vya chuma kisichoshika kutu. Waya wa kufungia mizigo unaliwa upesi na mkanda unabaki unaning'inia karibu na mpira wa gurudumu.

Siku ya kwanza ya kuwasha, mkanda utatoa moshi kwa muda. Si ajabu, ni dawa ya kiwandani inayoungua. Fanyeni nje, mbali na watu, na mtu mmoja asimame na kizima moto. Moshi ukiendelea siku ya pili, tafuteni mafuta.

MTU AKIUNGUA, NGUO ZIKICHAFUKA

Aliyeungua apewe maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si dakika mbili. Hata kama saa mbili zimepita, maji bado yanasaidia. Vua pete na saa kabla ya kuvimba; nguo iliyoshikana na ngozi usiibandue. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, chumvi, mawese, mafuta ya motere: vyote hivi tunaviosha kwa taabu dispansere, mgonjwa akilia, kabla ya kuona kidonda. Malengelenge msiyapasue. Kidonda kikubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, au cha uso, cha kiungo, cha mkono, au cha mtoto, kije dispansere siku ileile, na tutaangalia chanjo ya pepopunda.

Nyuzi za kioo zikiingia kwenye ngozi, usikune. Osha kwa maji baridi na sabuni, kisha bandika plasta na kuivua. Inatoka pamoja na nyuzi. Macho yaoshwe kwa maji mengi dakika 15.

Nguo za garaji zibaki garaji. Huko London, mwaka 1965, waganga walionyesha kwamba kansa ya amianti iliwapata hata watu ambao hawakufanya kazi hiyo kamwe, ila waliishi nyumba moja na wafanyakazi wake. Kati yao walikuwamo wanawake waliofua nguo za kazi za waume zao. Kama lazima nguo ije nyumbani, ije imefungwa ndani ya mfuko, ilowekwe ndani ya maji kabla ya kukung'utwa, ifuliwe peke yake, wala si pamoja na nepi za mtoto. Na baba aoge kabla ya kumbeba mtoto, hata kama mtoto amemkimbilia mlangoni.